Neno la Kila Jicho

Daktari alitaka nimchagulie neno moja kati ya mawili, na mimi, mwalimu wa Kiingereza wa miaka mingi, sikujua nichague lipi.

"Madam, enda ukae na mama yako umuulize vizuri," aliniambia. "Anaona blurred ama anaona hazy? Hizo si kitu moja."

Tulikuwa kwenye kliniki ndogo karibu na soko la Mogogosiek. Daktari alikuwa kijana mpole kutoka Kisii, na Kikipsigis chake kiliishia kwenye salamu. Mama yangu naye ana Kiswahili cha kununulia chumvi tu. Basi mimi nikawa katikati yao, nikitafsiri. Daktari alipomulika tochi, mama alibana macho. Alipomwambia afunge jicho moja, alifunga yote mawili, akatulia hivyo kama mtu anayeombewa. Nikarudia kwa lugha yetu: moja tu, mama. Akafunga yote mawili tena, safari hii kwa nguvu zaidi.

Daktari akazima tochi. Akatueleza kwamba kama ni blurred, huenda miwani itatosha. Kama ni hazy, huenda ni mtoto wa jicho, na hapo hakuna njia ila upasuaji. Turudi wiki iliyofuata na jibu.

Jibu hilo lilikuwa na haraka. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameshakata kauli. Mwezi uliotangulia karani anayepima majani ya chai alimwaga kikapu cha mama juu ya meza pale kituo cha kununulia chai, na mbele ya majirani akaanza kutoa majani magumu, vijiti, hata nyasi. Huyo ni mama ambaye zamani majani yake yalionyeshwa wengine wajifunze: majani mawili na kichipukizi, basi. Kaka akasema imetosha. Likizo ya shule ikiisha angeng'oa ile chai apande avokado, mama akae nyumbani atunzwe. Alisema kwa upendo, nakubali, lakini upendo wa kaka yangu una mikono isiyojua kushika polepole.

"Ukiing'oa," mama alimjibu, "chimba shimo moja liwe kubwa kuliko mengine. Unizike humo."

Kwa hiyo nilijua tunachogombania. Lakini nikisema ukweli, lile swali lenyewe ndilo lililoninyima utulivu. Darasani nimekuwa nikifundisha maneno hayo yote mawili kwa maana moja tu: haionekani sawasawa, endelea na swali linalofuata. Sasa mtu alikuwa ananiambia kwamba kati ya hayo mawili pana nafasi ya kutosha kisu kupita. Nilitaka kuiona nafasi hiyo.

Nikaliweka swali kwenye grupu ya walimu wenzangu wa Sigor, ninakofundisha. Mwalimu wa sayansi alijibu kwanza: "Blurred ni ile picha umepiga ukiwa juu ya boda." Mwenzake akaongeza: "Na hazy ni zile milima za Januari, vumbi ya Chebunyo ikishapanda juu." Wakapiga ubishi mpaka mwalimu mkuu akaingilia: "Nyinyi watu, hii ni likizo. Endeni mkamue ng'ombe."

Nilienda kukamua, nikawaza. Milima ya Januari ni mizima, haina kosa lolote. Kuna kitu tu kimesimama kati yako na yenyewe. Picha ya boda haina kitu katikati, lakini mambo yaliyomo yamekataa kushika kingo zake. Moja ni kosa la njiani, jingine ni kosa la mwisho wa safari. Nilifurahi mno kugundua hilo, nikaingia nyumbani na maziwa nusu ndoo nikimtafuta mama.

Kesho yake asubuhi nilimtoa nje. Ulikuwa mwezi wa Agosti na ukungu ulikuwa umelala juu ya chai mpaka huko bondeni.

"Mama, huwa unaona hivi? Mchana pia?"

"Hivi ndivyo kila mtu anavyoona asubuhi," alisema. "Umetoka Sigor kuja kuniuliza habari ya ukungu?"

Nikaandika neno kwa wino kwenye karatasi, nikalidondoshea tone la maji mpaka herufi zikatambaa. Je, hivi? Akaniambia karatasi imelowa. Jikoni nikamwonyesha moshi. Je, hivi? "Moshi ni moshi. Fungua mlango." Watu husema macho hayana pazia. Hawajajaribu kumhoji mama yangu.

Kilichonitatiza zaidi ni kwamba alikuwa akikubali yote. Jumatatu aliniambia ndiyo, ni kama ile karatasi, vitu vinatambaa. Jumatano akasema hapana, ni kama moshi.

"Lakini juzi ulisema ni karatasi."

"Na juzi ilikuwa kweli," alinijibu bila wasiwasi wowote.

Nilianza kuogopa kwamba kaka yuko sawa, kwamba tatizo halikuwa la macho pekee. Hofu hiyo sikumwambia mtu.

Jibu lilikuja kabla tu ya siku ya kurudi kliniki, na halikutoka kwenye maswali yangu. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa shamba, kikapu kitupu mapajani. Mwanamke mmoja alipita chini barabarani akapaza sauti kumsalimu. Mama akakiinua kikapu mpaka usoni kama mtu anayekinga jua, akachungulia kwa jicho la kushoto kwenye kitundu kimoja cha msuko wake.

"Ni mke wa jirani," alisema. "Na leo amevaa sweta ya mumewe."

Nikatazama. Kweli, sweta ilikuwa ya mumewe, ile yenye kiwiko kilichoshonwa kiraka chekundu.

"Umeionaje kutoka hapa?"

"Kwenye tundu watu wanatulia. Nimekuwa nikiangalia hivi siku nyingi."

Nikamwomba ahamishie kikapu upande wa kulia. Akakataa. "Upande huo hauna faida. Huo ni maziwa tu."

"Maziwa vipi?"

"Kama umemwagia maziwa ndani ya maji. Mtu yumo, lakini amekuwa mweupe wote. Na jua likitoka ndiyo inakuwa mbaya zaidi."

Niliketi kwenye nyasi zenye umande bila kujali sketi yangu. Wiki nzima nilikuwa nimemuuliza macho yako yanaonaje, macho yako yanaonaje, kana kwamba ni kitu kimoja. Naye alikuwa akijibu kwa uaminifu, siku moja akilisemea jicho hili, siku nyingine lile. Hakukuwa na mgongano wowote. Kulikuwa na majibu mawili na muulizaji aliyetaka moja.

"Sasa mama, daktari alipokuambia ufunge jicho moja, kwa nini ulifunga yote?"

Alinigeukia kama nimemtukana. "Ulitaka nimkonyeze yule kijana? Mimi, mama wa kanisa? Anatosha kuwa mkwe wangu! Na wewe umeketi hapo unatazama?"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Lakini kwetu alikuwa na haki. Mwanamke mzima hamfungii mwanamume jicho moja, awe na koti jeupe au asiwe nalo. Daktari, kwa ugeni wake, na mimi, kwa kusoma kwangu kwingi, tulimwagiza mama afanye jambo ambalo angeona haya hata kulisimulia. Alipoona sinyamazi, akaanza kucheka na yeye.

Kliniki tulirudi na mpango. Nilimsimulia daktari habari ya kikapu, nikamwomba asimwambie mama afunge jicho, amwambie alifunike kwa kiganja. Kiganja hakina aibu. Mama akafunika la kulia, akafunika la kushoto, akajibu kila alichoulizwa. Kwenye jicho la kushoto daktari alimshikia kijikadi cheusi chenye kitundu katikati, na mama akaanza kuona herufi ambazo mwanzo hakuziona.

"Hii ndio kikapu yetu," daktari alisema, akicheka. "Madam, jibu ni zote mbili. Kushoto ni blurred, hiyo ni miwani. Kulia ni hazy. Hiyo lazima wapasue."

Nilitafsiri. Tulipofika nyumbani mama aliketi, akashika tama.

"Na wakikosea?"

Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia sijui.

Aliondoa mkono shavuni. "Basi ni sawa. Wanakata la maziwa. Hilo halina mengi ya kupoteza."

Nilimwonea fahari, na niliogopa kuliko yeye. Kaka alinung'unika kwamba miche ya avokado ameshaiagiza, lakini siku ya upasuaji ndiye aliyemshika mkono mama mpaka mlangoni, na aliporudi kwenye benchi alikuwa ameloa jasho. Miche aliipanda baadaye upande wake wa shamba.

Mama aliporuhusiwa kurudi kwenye chai yake, nilikuwa nimepata ruhusa ya wikendi nikaja kumtazama. Jua lilikuwa limetoka vizuri. Alijifunga kikapu mgongoni, miwani puani, akaingia kati ya mistari, nami nikasubiri kuona ile mikono ya zamani ikikimbia juu ya chai. Haikukimbia. Alichuna kichipukizi kimoja akasimama.

"Njoo uone," aliniita. "Yamerudi."

"Nini?"

"Manyoya."

Kichipukizi kichanga cha chai kina manyoya meupe, laini, mafupi mno. Ukikigeuza kwenye jua yanang'aa kidogo. Yapo siku zote. Nilimwambia hayakuwa yameondoka.

"Yaliondoka," alisema. "Miaka mingi sijayaona. Nilijua ni hii mbolea ya siku hizi. Nilijua chai ya sasa imeharibika, hairudi tena. Nikasema sawa, hata vitu vizuri huisha."

Tulikuwa tumeogopa asije akapoteza shamba lake, na kumbe yeye alikuwa ameshalipoteza kitambo, akaliomboleza peke yake, na bado kila asubuhi akaamka kwenda kulichuna.

Huko barabarani gari la majani likapiga honi. Nikamkumbusha kwamba kikapu bado ni kitupu.

"Liende," mama alisema, akachuna kichipukizi kingine na kukigeuza polepole kwenye jua.