Namba Arobaini na Moja

Jamani, mimi nimejua kwamba nilifaulu mtihani wa kuingia sekondari nikiwa na miaka sabini na tatu.

Hamjasoma vibaya. Sabini na tatu.

Naitwa Beryl Thurlby, wa Aldersby, mji wa gulio la Alhamisi. Shule yetu ya sekondari imetimiza miaka mia moja, na kamati ikanibebesha kazi ya kuandika historia yake, eti kwa kuwa nimepika pale miaka thelathini na nane na nakumbuka kila mtu.

Zamani shule zilikuwa mbili. Ukifika miaka kumi na moja unafanya mtihani. Ukifaulu, unapanda kilimani kwenye shule ya Kilatini na kofia. Ukifeli, unashuka kando ya mnada wa ng'ombe kufundishwa kupika na kushona. Baadaye zikaunganishwa, lakini sisi tulishagawanywa.

Sisi, yaani mimi na pacha wangu Brenda. Yeye kurwa, mimi doto.

Brenda alipanda, mimi nikashuka. Akarudi kuwa mwalimu mkuu, mimi niko jikoni. Miaka kumi na sita nimempakulia dada yangu viazi na kastadi, nikimwita "Mwalimu Mkuu" kama wengine.

Basi Machi iliyopita niko stoo ya shule, nikafungua daftari la mtihani wa 1961.

Namba 41, Beryl Thurlby, amefaulu.

Namba 42, Brenda Thurlby, hakufaulu.

Nikasoma mara tatu. Nikafunga daftari, nikaenda kununua mkate. Moyoni sikusikia kitu, kama mguu ulioukalia ukafa ganzi.

Mwaka ule barua zilikuja mbili, zote "B. Thurlby" na namba tu. Watu wa ofisi zetu hawakuwahi kuandika jina zima la mtoto. Mama hakujua namba zetu. Alichojua ni kwamba Brenda ana miwani, na mwenye miwani ndiye mwenye akili. Akampa Brenda barua ya kufaulu. Ya kufeli akaitia motoni, nisije nikaisoma nikaumia.

Mama hakuwa na ubaya, niseme kweli.

Jumapili nikampelekea Brenda nakala ya ukurasa ule. Akavua miwani, akaifuta na kuifuta hadi chai ikapoa.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi ile ile. Namba yangu ilikuwa 42, Beryl. Barua niliyopewa ilikuwa na 41."

Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema alikuwa mtoto, na mama alishaanza kulia kwa furaha. Ikawa kesho, ikawa mwakani, mwisho akawa mwalimu mkuu.

"Unanichukia?"

Nikaitafuta hiyo chuki. Nilitamani niipate, angalau niwe na kitu. Haikuwepo.

"Sijui, dada. Kunywa chai yako."

Na ukumbi mpya wa shule ulikuwa karibu kupewa jina lake. Nikinyamaza, kitabu changu ni uongo. Nikisema, namvua dada yangu nguo mbele ya mji mzima.

Nikaweka kitabuni orodha ya waliofaulu 1961 kama ilivyo, bila neno la ziada.

Siku ya uzinduzi wa kitabu Bwana Pocklington, mwenyekiti wa kamati, akasimama kuomba radhi. Akasema mchapaji amemchanganya mwalimu wetu mkuu na mpishi wetu. Watu wakacheka. Nami nikacheka kidogo, mazoea hayo.

Brenda akainuka kwa fimbo yake.

"Mchapaji hajakosea," akasema. "Aliyefaulu ni Beryl. Mimi nilifeli, nikakaa kwenye kiti chake. Inuka, mdogo wangu, wakuone."

Nikainuka. Wakapiga makofi. Nilingoja machozi, wapi. Nilichosikia ni viatu vipya kunibana, na mikono sikujua niiweke wapi, imezoea upawa.

Wenye watoto, nawaomba kitu kimoja. Mtoto akifeli, mpe barua yake aisome mwenyewe, alie, ayamalize. Kuna mwanamke ambaye ningekuwa yeye. Huruma ya mama ilimmaliza akiwa na miaka kumi na moja, na mimi hata kumlilia siwezi, maana sikumjua.