Kiti cha Mgeni

Shangazi yangu ana ulimi mkali, lakini kuna neno moja sijawahi kumsikia akilitamka kazini: mgonjwa. Kila aliyeingia chumba chake cha ushauri wa lishe alikuwa mgeni, awe mnene au mifupa mitupu. Mizani aliigeuza uso, namba akaisoma yeye peke yake, kisha akamnong'oneza mgeni wake sikioni. Sasa macho yamemchoka, namba zinamkimbia. Kijana mmoja, naye mtaalamu wa lishe, amekubali kununua vifaa vyote na kuendelea na kazi humo humo.

Mimi napiga chapa kwenye duka la fotokopi. Hati za mauziano ya viwanja na pikipiki naziandika hata nikisinzia, basi nikaitwa nije na kompyuta yangu na printa ndogo. Shangazi alikuwa anagusa kifaa, mimi naandika na hali yake. Mizani ya kusimamia, nzima. Mizani ya vichanga, nzima. Ubao wa kupimia urefu, mzima. Vyakula vya plastiki vya kufundishia, vyote vizima isipokuwa yai.

"Yai lina nini?" kijana akauliza.

"Liling'atwa."

"Na mtoto?"

"Mtoto wapi! Mtu mzima na ndevu zake. Nilimwambia asije na njaa."

Kijana akacheka, nikadhani mambo yamekwisha. Kumbe kilibaki kiti cha pembeni, kipana, cha mbao nzito, hakina mikono. Nikaandika "kiti kikubwa", nikamsomea.

"Futa hilo," akasema shangazi. "Andika kiti cha mgeni."

"Samahani, mama," kijana akasema kwa adabu, "hicho sikihitaji. Kinamaliza chumba. Nitaleta vya kisasa, vyenye mikono."

"Basi na mimi sitii sahihi."

Hasira zangu ziko puani, nilizirithi kwake. "Shangazi! Utavunja biashara nzima kwa ajili ya mbao? Utapata wapi mtu mwingine wa kuendeleza kazi yako?"

"Nyamaza wewe. Unakikumbuka kile kiti cha plastiki?"

Nilikikumbuka, nitakisahauje? Nilikuwa msichana wa shule, mnene kuliko darasa zima, na jioni nilikuwa nakuja kumsubiri turudi nyumbani. Siku moja akaniita. Nikasimama, na kiti nacho kikasimama, mikono yake imenibana nyonga. Watu wote waliokuwa wakisubiri wakaangua kicheko. Nikacheka nao, ningefanyaje? Kisha nikaenda kujifungia chooni nikalia mpaka kwikwi ikanishika.

"Nakikumbuka," nikasema. Halafu, kwa kuwa uchungu hauna adabu, nikamgeukia kijana. "Na baada ya pale shangazi akaniletea fundi na futikamba, fundi akanipima kiuno na nyonga. Nikaambiwa nashonewa gauni. Nililisubiri gauni hilo mpaka nikaota nimelivaa. Halikuja."

"Yule hakuwa fundi cherehani," shangazi akasema taratibu. "Alikuwa seremala."

Nikakigeukia kile kiti kipana.

"Nilimwambia, mtengenezee huyu mtoto. Akikaa yeye kwa raha, kila mgeni wangu atakaa kwa raha. Ningekwambia wakati ule ungekataa hata kukisogelea. Kwa hiyo nikasema gauni."

Herufi zikaniyeyukia kwenye kioo cha kompyuta. Nilikuwa nalia, na wala sikujificha. Kijana alikwenda kwenye kile kiti, akakaa. Wembamba wake uliacha nafasi ya mtu mwingine ubavuni. Akapapasa mbao pale ambapo mikono ingekuwapo.

"Andika, dada," akasema akiinuka. "Kiti cha mgeni, kimoja, kizima. Nacho hakitoki humu."

Nikaandika hivyo hivyo alivyosema, nikachapa. Shangazi hakuuona mstari wa sahihi, nikamshika kidole nikakiweka mahali pake. Akatia sahihi polepole, herufi zikipanda kilima.

Nikarudi nyuma nikakaa kwenye kile kiti, pale pale nilipokaa ujana wangu wote bila kujua. Mbao zikalia kidogo. Shangazi akageuza uso kuufuata ule mlio.

"Gauni limekukaa?" akauliza.

"Limenikaa, shangazi."