Marejeo ya Kubandika

Juzi nilikuwa kwenye steshenari moja ya Chang'ombe, nikamkuta binti wa chuo hatulii: anakaa, anainuka, anachungulia saa ya ukutani. Utafiti wake kuhusu wajane wanaofuga kuku Goba ulitakiwa kwa mwalimu jioni hiyo hiyo, la sivyo wenzake wangevaa majoho bila yeye. Kilichobaki ni marejeo tu.

"Sista, tulia," akasema kaka wa kompyuta. "Ninayo humu. Yamevusha watu kibao." Akayabandika.

Binti akainamia kioo. "Mbona hivi ni vitabu vya uvuvi?"

"Kwani nani atavisoma? Wanataka ukurasa ujae."

Nikajikohoza. Mie ni mwandishi ninayesomwa hadi Mbagala! "Mwanangu, kuku nimeshawaandika gazetini. Ninukuu mie."

"Shikamoo, baba. Ulifanya utafiti?"

"Niliwaona."

"Basi haitoshi, baba."

Kaka wa kompyuta akacheka mpaka akashika meza. Binti akafuta yote, akampigia mwalimu. "Nilivyovisoma kweli ni vichache, mwalimu. Nilete hivyo hivyo?"

Sauti ikanguruma simuni: "Lete. Ila nitakuuliza kila kimoja kinasema nini."

"Niulize!" Akaviandika hivyo vichache, akanyakua karatasi zikiwa bado na joto la printa, akatoka mbio bila kuaga.

Tangu siku ile mwenyewe situlii. Mtu wa hadhi yangu nimekataliwa kuwa chanzo, na aliyenikataa ndiye niliyemtumia kujaza safu hii. Wala sikumwomba ruhusa.