Ukuta wa Madereva wa Chimala

Tusajigwe alijua kusoma kabla hajavaa sare ya shule. Herufi zake za kwanza alizikuta kwenye ukuta wa mbele wa hoteli ya baba yake, pale Chimala, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya na mpaka wa Zambia. Neno la kwanza alilolisoma mwenyewe, kidole kikifuata mikwaruzo ya msumari, lilikuwa TOPE.

Enzi hizo lami haikuwepo. Mvua ikishika, malori ya mafuta yalizama hadi ekseli, na madereva walikaa kwa mzee Sedekia, baba yake Tusajigwe, mpaka njia ikauke. Walikula wali, walilala barazani, na kwa kukosa la kufanya wakachora kwenye plasta majina yao, mizigo yao na manung'uniko yao. "Saulo. Petroli. Tope siku ya nne. Mungu yupo." Lami ilipofika, madereva waliacha kulala. Mzee naye alifariki, na Tusajigwe, binti yake, akaendelea kupika wali na maharage kwenye baraza lile lile. Sasa anakaribia miaka sitini, na watoto wake wote wamesomeshwa na baraza hilo.

Kisha ikaja habari kwamba barabara itapanuliwa. Wapimaji walipita na rangi nyekundu, wakapiga alama ya X kwenye nguzo ya baraza na nyingine kwenye ukuta, juu kabisa ya majina. Majirani walianza kuhamisha vitu. Tusajigwe alipanda basi hadi Iringa, akaingia katika ofisi ya mambo ya kale asikomjua mtu, akang'ang'ania benchi mpaka afisa mmoja kijana, Eveline, alipomsikiliza.

"Mama, Alhamisi nitakuja na mhandisi wa mradi," Eveline alimwambia. "Majina yakisomeka, nitaomba ukuta uachwe. Ila lazima ayaone kwa macho yake. Baada ya hapo mitambo inaingia kazini."

Jumatano Tusajigwe alikwenda sokoni Uyole kununua viazi vya kuwapikia wageni. Aliposhuka kwenye basi alasiri, nusura apite nyumba yake. Ukuta uling'aa kama kitambaa cha madhabahuni. Akina mama wa jumuiya, wakiongozwa na jirani yake Marta, walikuwa wakisuuza ndoo na brashi.

"Karibu nyumbani, bibi harusi!" Marta alimpokea kwa kicheko. "Wageni wa serikali waje wakute masizi? Tungeaibika kijiji kizima."

Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Kwa watu wa huko, mgeni mkubwa hapokelewi na ukuta mchafu. Hata askofu akija, nyumba zote za njiani hupakwa chokaa.

"Marta, mmetia chumvi humo?"

"Ya kutosha! Chokaa bila chumvi si inaondoka na mvua ya kwanza? Na ile X yao tumeizika. Waitafute!"

Tusajigwe aliweka mzigo wa viazi chini. "Mmewazika na madereva, mama."

Marta aliutazama ukuta, akaziba mdomo kwa kiganja. Mmoja wa wenzake alishika panga ili akwangue, lakini Tusajigwe alimzuia: plasta ile ilikuwa imezeeka, ingebanduka pamoja na maandishi. Alichukua gunia, akalilowesha kwa maji ya moto, akalibandika ukutani mpaka chokaa ikalainika, kisha akafuta polepole kwa kitambaa. Akina mama wakafuata mfano wake.

"Asubuhi nimepaka, jioni nafuta," alilalamika mmoja. "Baba watoto akiuliza nilikuwa wapi, nimwambie nini?"

"Mwambie ulikuwa unaogesha waume za watu," Marta akamjibu, wakacheka.

Walirudi tena alfajiri. Hata hivyo, gari la wageni liliposimama, sehemu kubwa ya ukuta ilikuwa bado nyeupe.

"Kamwene, mama," Eveline alisalimu, kisha akasita mlangoni mwa gari alipouona ukuta.

Ezekia, mhandisi, aligusa kwa kidole, akakitazama. "Ndio ukuta wa kihistoria huu? Mbona chokaa bado mbichi?"

"Chokaa ni ya jana, baba. Majina ni ya zamani. Subiri nikuonyeshe."

"Mama, nina majengo mengine mbele, hadi Uyole."

"Baba yangu aliwasubiri madereva mpaka njia ikauke. Wewe nisubirie gunia moja tu."

Hakungoja jibu. Alilibandika gunia, akasimama akilikandamiza kwa viganja viwili huku maji meupe yakimchuruzika hadi viwikoni. Alipofuta, mistari ilitokeza. Ezekia aliinama, akasoma kwa sauti: "'Anania. Mabomba. Kitonga imenimaliza.'" Alicheka bila kukusudia. "Mlima ule unamaliza watu hata leo! Na hapa chini pameandikwa nini?"

"Loweka mwenyewe," alisema Tusajigwe, akampa gunia.

Wakati Eveline akipiga picha, Ezekia alisoma jina moja baada ya jingine. Hatimaye alitoa utepe wa kupimia, akapima mara mbili.

"Ukuta naweza kuuacha. Mtaro utapita mbele yake. Lakini baraza haliponi, mama. Na bila baraza huna hoteli."

Tusajigwe aliyatazama mafiga, mabenchi, na meza iliyomlea yeye na wanawe. "Nitapikia uani."

"Wateja watakuonaje huko? Fikiri kwanza."

"Nilishafikiri nikiwa kwenye benchi kule Iringa. Andika ukuta ubaki. Ila mtambo wenu usiliguse baraza, utaangusha na ukuta. Nitalivunja mwenyewe."

Ezekia alimtazama Eveline, kisha akaandika.

Wageni walipokuwa bado wanakula viazi, Tusajigwe alikwishapanda juu ya benchi na nyundo mkononi, akiung'oa msumari wa kwanza wa bati. Chini yake Marta alikuwa akilia na kujilaumu.

"Shika benchi vizuri, Marta," alisema. "Kulia utalia baadaye. Nishikie hili bati."