Chupa ya Chai ya Saadiya

Mwalimu Mcha alikuwa na jawabu la kila kitu, na usipomuuliza atakujibu vivyo hivyo. Alisomesha fizikia miaka thelathini. Sasa amestaafu, na darasa lake ni baraza moja la Malindi, kila siku baada ya alasiri.

Jumatatu ile mada ilikuwa anga za juu. Mtu akitoka huko bila vazi lake, alisema Mwalimu, huganda papo hapo kama samaki wa friza, maana utupu una baridi kushinda barafu. Wazee wakaguna kwa mshangao.

Saadiya, muuza chai wa hapo barazani, akammiminia kikombe. Mwalimu akapiga funda, akaungua ulimi. Akauliza kwa ukali chai hii imechemshwa saa ngapi.

"Alfajiri, Mwalimu," alijibu Saadiya. "Chupa hii ina kuta mbili za kioo. Katikati yake mna nini?"

Mwalimu akakiweka kikombe chini, akaikodolea macho chupa. Wazee walidhani ni ulimi.

Katikati hamna kitu, hata hewa imenyonywa. Na pasipo na kitu hapana cha kuwa na baridi, wala cha kuligusa joto la chai na kuondoka nalo. Joto hutoka kwa mnururisho tu, yaani kwa miale, polepole. Mtu huko juu angekufa kwa kukosa hewa kabla hajawahi kuganda.

Hapo ndipo alipomkumbuka. Kidato cha pili, dirishani: msichana aliyeuliza, kama huko hamna kitu, joto la mwili linachukuliwa na nini? Mwalimu alimwambia akauze maandazi, na darasa zima likacheka. Msichana hakunyoosha mkono tena, na mwaka uliofuata hakurudi skuli. Leo miaka mitano Mwalimu anakunywa chai ya msichana yule yule, na humwita "wewe binti". Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Alingoja wazee waende kusali magharibi.

"Saadiya, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "siku ile haki ilikuwa yako. Nisamehe."

Saadiya aliendelea kufuta vikombe.

"Nshakusamehe zamani, Mwalimu. Lakini siku ile ulinisema mbele ya watu."

Mwalimu akaenda kusali, akarudi, akakaa palepale. Wazee wakarejea mmoja mmoja. Alipokwisha kukaa wa mwisho, akasimama, na mbele ya wote akamwita Saadiya kwa jina lake.