Maji ya Kumwoshea Mdogo Wangu

Mie si mtu wa safari. Tangu nihamie Temeke nikiwa mke mpya, mbali nilikowahi kufika ni Bagamoyo, na nilirudi siku hiyohiyo. Lakini mdogo wangu, wa tumbo moja na mie, aliolewa na mfanyabiashara akapelekwa Makambako, huko juu kwenye baridi. Mwaka juzi akaanza kuumwa. Aliponipigia simu hakulalamika, maana kwetu hatukulelewa hivyo. Alisema tu anatamani mchuzi wa papa wa nazi, na kwamba papa wa huko ana ladha ya gunia. Nikajua hali si nzuri. Mtu mzima hatamani vya utotoni bure.

Wajukuu walitaka nipande basi. Nikawaambia magoti yangu hayakubali kukunjwa kutwa nzima, nitapanda treni, angalau nijinyooshe. Nikafunga papa mkavu na nazi kwenye kikapu, nikachukua sweta la shule la mjukuu mmoja, nikaenda stesheni.

Chumba chetu kilikuwa cha wanawake, vitanda sita. Kwenye kitanda cha mbele yangu alikuwa mama mmoja Mbena, mnene, mcheshi, muuza viazi. Alikuwa ameshusha mzigo soko la Tandale, sasa anarudi kwao, hukohuko Makambako. Treni haijatembea sana akaanza kunusanusa.

"Shikamoo bibi," akasema. "Samahani nikuulize. Humo kikapuni umemfunga nani, na alikufa lini?"

Chumba kizima kikacheka. Nikamjibu kwamba ni mume wa mwanamke mmoja aliyekuwa na maswali mengi kama yeye. Hapo ndipo tukajuana. Akanikagua miguu yenye kandambili na lile sweta lililonibana kwapani, akasema huko ninakokwenda nitaganda kama mafuta ya nguruwe. Nikamwambia astaghafiru, atafute mafuta mengine ya kunifananishia. Akacheka mpaka kitanda kikalia.

Usiku ulipita. Asubuhi tuliamka treni imesimama kwenye stesheni ndogo chini ya milima. Mvua ilikuwa imeshusha udongo juu ya reli huko mbele, watu wanauzoa. Ukungu umelala juu ya miti, na hewa ikiingia puani inauma. Simu yangu ikaita. Alikuwa mtoto wa mdogo wangu, yule mkubwa.

Aliniamkia, akaanza kuniuliza hali ya safari. Nikamwambia aseme tu. Akasema mama yake amefariki alfajiri, wakati wanamgeuza.

Nikasema innalillahi. Sikulia. Nikamuuliza wamemfunga kidevu? Wamemnyoosha miguu? Akasema ndiyo. Akauliza nimefika wapi. Nikamwambia, na kwamba hakuna ajuaye treni itaondoka saa ngapi. Ndipo akauliza.

"Mama mkubwa, tukusubiri? Huku ni baridi. Hata kesho hataharibika."

Maneno hayo yaliniingia. Kesho ningemwona uso. Lakini maiti wetu hasubirishwi, na mie mwenyewe nimesimama kwenye misiba mingi Temeke nikiwaambia watu hivyo. Haiwezi kuwa sheria ya wana wa wenzangu tu.

"Zikeni," nikamwambia. "Msinisubiri."

Lakini mie nilikuwa bado na neno. Nikamwambia anipe mwosha.

Niseme kwa nini. Mama yetu alipofariki tulimwosha sie wawili. Mdogo wangu alikuwa anatia kiwiko kwenye maji kabla ya kumwagia, kama mtu anayeogesha mtoto mchanga. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema mama hakupenda maji baridi maisha yake yote, leo ayapende kwa sababu gani? Kisha akaniambia, "Mie nikitangulia, dada, ole wako unimwagie ya baridi." Tukaahidiana pale pale. Halafu Mungu akampeleka kuishi mahali ambapo maji ya mtungi yanakata vidole. Kila akinipigia simu, salamu ya kwanza ni baridi.

Mwosha akaja kwenye simu. Kwa sauti, mwanamke wa makamo, mpole. Nikamwomba maji yapashwe moto. Akanijibu kwa adabu kwamba wao huosha kwa maji ya kawaida, ndivyo walivyofundishwa, na kwamba maiti hahisi baridi.

Nikamuuliza, "Wewe leo umetawadha kwa maji gani?"

Akasema ya moto.

"Basi na yeye mpashie. Yasiwe makali, yawe ya uvuguvugu. Tia kiwiko chako. Kiwiko kikikubali, mwagia. Mie niliahidi, na mie sipo."

Nikasikia anavuta pumzi aseme neno, na mtandao ukakatika. Nikapiga, haipiti. Nikapiga tena mpaka mama wa viazi akaninyang'anya simu taratibu akaiweka juu ya mto wangu wa kulalia.

Alikuwa analia yeye, mie sijalia. Akaniomba radhi kwa ule utani wa kikapuni. Nikamwambia hakujua, na utani haujaua mtu. Akasema kwao wangenisubiri hata siku tatu, dada wa marehemu hazikiwi nduguye nyuma ya mgongo. Nikamwambia kila watu na yao, na kwamba kuzikwa hakuniumizi. Kinachoniumiza ni yale maji. Akaitikia kwa kichwa. Hakuniambia hayana maana. Angesema hivyo tungegombana.

Treni iliondoka jua limeshapanda, ikaanza kupanda milima, inaingia kwenye mashimo ya giza na kutoka. Kila tukitokea kwenye mwanga natazama simu, hakuna kitu. Adhuhuri ilipoingia nikajua sasa wanamtoa. Nikainua mikono. Mama wa viazi akashuka kitandani, akanifunika blanketi lake mabegani, akapiga ishara yake ya msalaba, akakaa kando yangu. Wenzetu wale wengine nao wakaacha kula.

Tulifika Makambako alasiri imekwenda. Upepo wa huko hauna haya, unaingia mpaka kwenye meno. Kabla sijainama, mama wa viazi alikuwa ameshakitwika kichwani kile kikapu alichokuwa anakikunjia pua. Nikamwambia kinanuka. Akasema, "Kinuke, bibi. Twende."

Uani kwa mdogo wangu wanawake walikuwa mkekani. Waliinuka kunipokea, vilio vikaanza upya. Mie macho yangu yalikwenda pembeni, karibu na ukuta. Palikuwa na mafiga matatu, majivu bado ya moto katikati, na sufuria la shughuli limefunikwa, tako lake jeusi kwa moshi. Lakini sufuria la msibani laweza kuwa limepika uji. Sikutaka kuuliza, nikaogopa jibu.

Mwanamke mmoja akanijia, mikono yake myekundu kwa kazi. Nikaitambua sauti.

"Bibi," akasema, "kiwiko kilikubali."

Hapo ndipo nikakaa mkekani nikalia kama mtoto, na mama wa viazi akanishika. Nilipomaliza nikajifuta na ncha ya kanga, nikaomba kisu na mbuzi ya kukunia nazi. Papa alikuwepo, na watu wa msiba walikuwa hawajala.