Mama Direktrisi Alijifunza Kupumzika

Habari za kifo chake zilinifikia asubuhi, nikiwa bado natafuta viatu. Mwalimu mmoja wa Mweso alinipigia simu, akasema, "Papa, Mama Direktrisi ametuacha." Ugonjwa ulikuwa umemshika ghafla, waganga wa hospitali wakajaribu, haikuwezekana. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanamfahamu kidogo, maana niliwahi kumtaja hapa: yule mama aliyeongoza kituo cha watoto wadogo kule Mweso, kwenye vilima vya Masisi, ambako wanawake huwaacha watoto wao kabla ya kwenda shambani, na ambako familia zilizokimbia vita huleta watoto wanaoshtuka mlango ukifungwa kwa nguvu. Hatukuwa ndugu. Nilipita kwake kila kazi iliponipeleka njia ile, naye hakuniacha niondoke bila kula. Siku ya mazishi, msemaji mmoja alimsifu kwamba hakupumzika hata siku moja maishani mwake. Walimu wa kituo walikuwa wamesimama mbele yangu. Mmoja wao, macho yakiwa bado mekundu, alimnong'oneza mwenzake, "Eh, huyu hakumujua." Ni kweli, hakumjua. Ndiyo maana leo naandika.

Siku ya kwanza kuonana naye nilikwenda kumhoji kuhusu watoto wa wakimbizi. Nilimkuta mtoto mmoja mgongoni, mwingine kiunoni, anakoroga uji huku akimjibu mama mmoja dirishani. Nikajitambulisha kuwa mimi ni mwandishi. Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akanipakatisha yule wa kiunoni. "Andika na mukono moja, Papa. Ule mwingine ushike mutoto." Nikahoji hivyo hivyo, mtoto akinivuta masharubu. Alifungua mlango yeye, akapika yeye, akapokea wageni wa mashirika yeye, akaenda kwa chifu kutetea kiwanja yeye, na mtoto akipatwa na homa ni yeye aliyekimbia naye hospitalini. Funguo zote alizifunga kwenye pindo la kitenge chake. Nilirudi nyumbani nikaandika sifa nyingi, nikamwita mwanamke wa chuma. Wasomaji walipenda sana.

Kisha wakaja watu wengi zaidi kutoka vilima vya juu, vita vikiwa nyuma yao, na kituo kikafurika. Asubuhi moja mtoto mwanamume mdogo, ambaye alikuwa amekaa miezi bila kusema neno na ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuomba maji kwa sauti, aliangusha bakuli la uji. Mama Direktrisi akamfokea. Alinisimulia mwenyewe baadaye. Mtoto akaingia chini ya meza na kukataa kutoka, na siku ile hakuomba maji tena. Mama akatoka nje, akaketi nyuma ya jiko. Mpishi alimfuata, akamuuliza kama analia. "Silii," akajibu. "Sina hata nguvu ya kulia." Alidhani ni malaria, akaenda hospitalini. Wakampima, wakakosa malaria. Muganga, kijana wa umri wa wanawe, akamwambia, "Mama, hii haiko malaria. Kazi njo inakumalizaka. Usipolala, utaanguka mbele ya wale watoto."

Hakukubali. Aliniambia alimcheka yule kijana. Lakini kesho yake walimu wake walikuja nyumbani kwake wote pamoja, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya, wakaomba funguo. "Nikilala, nani atafungulia watoto?" akauliza. Mwalimu mkubwa kuliko wote, mama mpole anayeogopa hata kuku, akamjibu, "Mama, na sisi unatuonaka watoto? Miaka yote hii tuko tunakuangalia tu, unatunyanganya kazi." Neno lile lilimchoma kuliko lile la muganga. Alifungua pindo la kitenge akiwa amekasirika, akawapa funguo bila kuwaangalia, akapanda kwa kaka yake, mfugaji kwenye malisho ya Masisi. Huko alilala. Aliamka akanywa mashanza, maziwa yaliyoganda vizuri, akalala tena. Wifi yake alidhani amekuja kufa.

Aliporudi Mweso alikuwa amejitayarisha kukuta vurugu. Akakuta watoto wanaimba. Mikeka ya kulalia ilikuwa imehamishwa upande wenye jua, zamu za jiko zimepangwa, na yule mtoto wa chini ya meza ameketi mapajani mwa mwalimu, anapiga kelele akitaka uji zaidi. Nilimuuliza kama alifurahi. Akacheka hadi akashika ubavu. "Nakuambia kweli, Papa, nilisikia vibaya! Nilitaka nikute hata kitu kimoja kimeharibika." Kisha akaacha kucheka, akaongeza polepole, "Njo nikajua, ile kazi, ingine nilikuwa nafanya kwa ajili ya watoto, na ingine kwa ajili ya jina." Alikwenda kwa yule mtoto, akachuchumaa, akamwomba msamaha kama anavyoombwa mtu mzima. Tangu hapo kila juma alikuwa na siku yake ya kutokuja kituoni, na kila mwalimu vilevile. Aliwakusanya pia akina mama wanaoongoza vituo vingine vya karibu, siku ya soko, na sharti lilikuwa moja: hakuna kuzungumzia kazi kabla kila mtu hajamaliza kikombe chake.

Miaka michache baadaye tulikutana Mubi, huko Walikale, mimi nikifuata habari za barabara, yeye ameitwa kumsaidia dada mmoja kijana aliyeanzisha kituo kwa ajili ya watoto wa wanawake wanaochuuza karibu na machimbo. Nilidhani atakagua vyumba. Alimtazama yule dada, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ndani kwa uchovu, akamuuliza, "Ulikula leo?" Dada akaanza kueleza idadi ya watoto na ukosefu wa maji. "Sikukuuliza watoto. Nakuuliza wewe." Basi Mama Direktrisi akaomba kitana, akaketi kwenye baraza, akamkalisha dada chini mbele yake na kuanza kumsuka nywele, malori na pikipiki zikipita na kuturushia vumbi. Kabla nusu ya kichwa haijaisha, yule dada alikuwa amelala fofofo, shavu limeegemea goti. Mama akanipa ishara nisiseme kitu. Alikaa vile bila kusogeza mguu hadi watoto walipoanza kuchukuliwa na mama zao.

Sisi watu wa Masisi na Walikale tumepita mengi, na uchovu umegeuka kuwa cheti cha wema. Mwanamke akianguka kazini tunampigia makofi. Wahisani huleta rangi za kuta na midoli, na hakuna anayeuliza mkuu wa kituo atashikwa na nani mkono siku akilemewa. Nami nilipiga makofi hayo kwa kalamu yangu. Lakini mtoto aliyekimbia risasi anahitaji mtu mzima mwenye sauti tulivu, na sauti tulivu haitoki kwa mtu aliyekauka. Siku ya mapumziko ya mkuu wa kituo ni mali ya watoto kama ulivyo uji wao.

Asubuhi iliyofuata mazishi nilipita kituoni kabla ya kushika njia ya kurudi, nikitarajia kukuta mlango umefungwa. Kelele za watoto nilizisikia kutoka barabarani. Yule mwalimu mpole ndiye aliyeachiwa uongozi, na alikuwa amevaa kitenge cha msiba huku akifuta kamasi za mtoto. Nikamwambia kesho itakuwa ngumu pia. "Kesho sitakuja, Papa," akasema. "Iko siku yangu. Nitalia vizuri nyumbani, halafu nirudi." Sijawahi kusikia sifa ya marehemu iliyo bora kuliko hiyo. Wewe unayeongoza watoto wa wenzako, popote ulipo kwenye vilima hivi, chagua siku yako, na uichague ungali na nguvu za kuchagua.